Je, Wajua? Jani la Tumbaku Halikaushwi Likiwa Bichi

Gramu moja ya mbegu za tumbaku ina mbegu zaidi ya 10,000, laini kama vumbi. Lakini kazi yenyewe iko kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia ambacho mkulima wa wilaya ya Urambo hukichochea kuni usiku na mchana kwa karibu wiki nzima.

Siku za mwanzo joto huwa dogo, nyuzi 35 hadi 38 hivi, kwa sababu jani bado li hai: wanga wake unageuka sukari na rangi inakuwa njano. Ukiharakisha moto, linakauka na ukijani wake, chungu, na bei inaporomoka. Mwishoni joto hufika nyuzi 70 ili uti wa jani nao ukauke.

Tumbaku iliyokaushwa hivyo huitwa tumbaku ya mvuke, ingawa kinachoingia bani ni joto tu, kupitia mabomba yanayotoka kwenye moto wa kuni. Mkoa wa Ruvuma una tumbaku ya moshi, na huko moshi huyagusa majani yenyewe.

Na kabla jani halijafika bani, mvunaji asiyevuta hata sigara moja anaweza kutapika na kupata kizunguzungu: nikotini hupenya ngozi, hasa majani yakiwa na umande.