Vyura wa Kihansi na bei ya manyunyu

Kuhamisha kasha kubwa la kioo lililopandwa mimea ndani, lile ambalo wafuga vyura huliita terariamu, ni kazi inayodanganya macho. Kasha la urefu wa sentimita 120 na upana wa 45 utadhani vijana wawili wanatosha kulibeba. Kumbe tabaka la kokoto na udongo mbichi la kina cha sentimita 15 tu ni lita 81, na uzito wake unapita kilo 100. Vioo vyenyewe vimeshikana kwa gundi ya silikoni. Kasha likipinda kidogo juu ya bodi ya lori, mshono unaachia. Ndiyo maana wenye uzoefu hulihamisha likiwa tupu. Wanatangulia wanyama, kila mmoja kwenye kopo lenye unyevu, halafu mimea iliyoviringishwa kwenye magazeti yaliyoloa, udongo kwenye ndoo. Kasha ndilo la mwisho.

Hiyo ni kazi ya siku moja, na karibu kila mpango huiandika vizuri. Siku zinazofuata ndizo hukosa fungu. Kwa hilo hatuna haja ya kwenda mbali, Kihansi inatutosha.

Wanasayansi walimwona chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini tayari unajengwa katika Milima ya Udzungwa, Tanzania. Ni kachura kasikofika sentimita 3, tena hakatagi mayai, kanazaa watoto. Makazi yake duniani kote yalikuwa korongo moja tu la Kihansi, eneo la takriban hekta 2, sawa na viwanja vitatu vya mpira, lililokuwa likilowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, korongo likabakiwa na sehemu ndogo tu ya mto wake. Manyunyu yakakatika.

Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York. Safari yenyewe sina la kuilaumu. Balaa lilianza baada ya kufika. Makasha yalikuwa safi, mimea ipo, maji yananyunyizwa, na bado vyura walikufa kwa minyoo ya mapafu, kwa maradhi mengine na kwa lishe isiyowafaa. Kufikia mwisho wa 2004 hawakuzidi 100. Wahudumu wa Bronx na wenzao wa bustani ya wanyama ya Toledo ilibidi wajifunze hatua kwa hatua: taa ya namna gani, joto kiasi gani, mdudu mdogo kiasi gani ndiye atakayeenea kwenye kinywa cha chura anayekaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Mambo hayo hayakuwemo kwenye mpango wowote, maana hapakuwa na mtu aliyeyajua.

Huku nyumbani, korongo lenyewe liligeuzwa kuwa terariamu. Mwaka 2001 yalitandazwa mabomba ya kunyunyizia, na vyura wakaongezeka mpaka kufikia makadirio ya karibu 20,000 katikati ya 2003. Mkaguzi angefika mwezi ule angeandika kwamba mradi umefaulu, akafunga jalada na kuomba gari la kurudi mjini. Januari 2004 walionekana vyura 3.

Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, ndiye anayetajwa zaidi, na sina ubishi naye. Lakini mwaka huohuo wa 2003 milango ya bwawa ilifunguliwa, tope likashuka korongoni, na mabomba nayo yalisimama kwa muda wakati wa kiangazi. Kwenye taarifa ya robo mwaka bomba lililoziba ni hitilafu ndogo ya kiufundi. Kwa kiumbe anayepumua kwa ngozi, mvua imekatika. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtangaza chura huyo kuwa ametoweka porini.

Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege, wakapokewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo waliocheka: vyura nao wanapanda ndege! Safari hii, lakini, mambo yalipangwa kwa kuanzia upande wa pili. Wahudumu Watanzania walikwishafunzwa Marekani, na chumba kilikuwa tayari kabla abiria hawajatua. Ebu fikiria joto la Dar, na wanyama waliozoea ubaridi wa korongo la Udzungwa. Chumba lazima kipozwe kwa umeme saa zote, umeme wa gridi ileile inayolishwa na Kihansi. Mwishoni mwa 2012 takriban vyura 2,000 wakaachiwa korongoni.

Mto uliokuwa na wastani wa takriban mita za ujazo 16 kwa sekunde sasa unaliachia korongo chini ya mita 2. Hizo hazizungushi mtambo wowote, kwa hiyo kiangazi kikikaza na umeme ukianza kwenda kwa mgao, lazima apatikane mtu wa kuzitetea mezani. Na lazima apatikane mwingine wa kushuka korongoni, kwanza akisafisha viatu vyake kwa dawa, akazibue matundu ya mabomba.