Nasaba ya boma husomwa kwa mama

Ardhi ya Osiri, Nyatike, katika Kaunti ya Migori, ina dhahabu. Mwenye shamba akifariki bila wosia, swali la nani ni mtoto wa nani huhama barazani likaingia mahakamani. Kulijibu kunahitaji kwanza kujua nasaba ya Kijaluo inavyopangwa.

Tuanze na majina. Mtoto huitwa kwa wakati aliozaliwa: Ochieng' mchana wa jua, Odhiambo jioni, Otieno usiku, Okoth wakati wa mvua. Aghalabu huongezewa jina la jamaa aliyefariki, kisha hufuatia jina la baba. Kwa hiyo, kwa desturi, jina la mwisho si la ukoo; hubadilika kila kizazi. Tuseme Otieno amemzaa Ochieng', naye Ochieng' akampa mwanawe jina la babu. Karatasi itakuwa na Ochieng' Otieno na Otieno Ochieng'. Mjukuu naye akirudia jina la Ochieng', tutakuwa na Ochieng' Otieno wawili, na majina peke yake hayatatuonyesha aliyemtangulia mwenzake.

Tatizo hili limewahi kuonekana mbali. Katika nasaba ya watawala wa Kijerumani iitwayo Reuss, tangu enzi za kati wanaume wote huitwa Heinrich, kwa heshima ya Kaisari Heinrich wa Sita. Ikabidi wapewe namba. Tawi la wakubwa lilihesabu hadi 100 ndipo likaanza upya. Tawi la wadogo lilianza upya kila karne. Hata hivyo namba haikutosha, kwa kuwa Heinrich wawili wa matawi mawili waliweza kuwa na namba moja. Ilibidi kutaja tawi.

Katika boma la wake wengi, tawi hutambuliwa kwa mama. Mke wa kwanza ni mikayi, wa pili nyachira, wa tatu reru. Kila mke pamoja na watoto wake ni nyumba moja. Vizazi vikisonga, ukoo mara nyingi hugawanyika kwa kufuata nyumba hizo.

Maneno ya undugu nayo yanahitaji uangalifu. Kaka wa baba naye huitwa baba, na watoto wake ni ndugu. Jibu la "huyu ni ndugu yangu" ni la kweli, lakini halijaonyesha kama wawili hao wana baba mmoja, mama mmoja, au babu tu.

Kuna pia tero, yaani mjane kuchukuliwa na ndugu wa marehemu. Kwa desturi, mtoto atakayezaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, haimtazami hivyo: kwa mwanamume, inajumuisha mtoto aliyemkubali kuwa wake au aliyejitwika malezi yake ya kudumu. Marehemu hawezi kumkubali mtoto ambaye mimba yake ilitungwa baada ya kifo chake.

Sheria hiyo, iliyoanza kutumika 1981, inarudi kwenye nyumba katika kifungu cha 40. Mali ya mwenye wake wengi hugawanywa kwanza kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane aliye hai huongezwa kama fungu moja. Tuseme mikayi amefariki akiacha watoto 4. Nyachira yu hai na ana 2. Reru yu hai na ana 1. Mafungu ni 4, 3 na 2, jumla 9. Mtoto mmoja akiandikwa nyumba isiyo yake, hesabu ya nyumba mbili huharibika.

Kwa hiyo orodha ya warithi inayoanza na majina ya wana wa kiume ina kasoro tangu mstari wa kwanza. Iandikwe kwa mama, nyumba baada ya nyumba, na mtoto wa tero aonyeshwe wazi kuwa ni wa tero, kabla ya kupelekwa kwa chifu.