Jengo refu si mali ya aliyelijenga

Wengi wetu tumepiga picha pale chini ya Burj Khalifa tukaituma nyumbani. Mita 828, lilifunguliwa Januari 2010. Kati ya kampuni tatu zilizolijenga, moja ilikuwa ya hapa hapa Emirati, Arabtec, iliyoanza mwaka 1975. Sasa sikia: tarehe 30 Septemba 2020 wenye hisa wa Arabtec walipiga kura kampuni ifilisiwe. Ilikuwa na maelfu ya mafundi na vibarua.

Kampuni iliyojenga mnara kama ule inafilisikaje? Ni kwamba mnara haukuwa wake, ni wa Emaar walioagiza kazi. Mali ya mkandarasi ni kreni, mixa, magari, vifaa stoo, pesa benki, na malipo anayowadai wateja. Hayo malipo ndiyo penye mtego. Mhasibu huyaandika kama mali hata kabla pesa haijaingia. Mteja akichelewa mwaka mzima, karatasi inaonyesha kampuni ni tajiri, huku kambini mshahara haujaonekana.

Hesabu yenyewe ni fupi: mali, toa madeni, kinachobaki ndicho cha mwenye kampuni.

Wewe pia umo kwenye vitabu hivyo. Kwa mfanyakazi wa kampuni aliyemaliza angalau mwaka mmoja, sheria inampa kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kwa miaka 5 ya kwanza. Mshahara wa msingi ukiwa dirhamu 1,000, hiyo ni 700 kwa mwaka. Kwa mwajiri ni deni, kwako ni mali ambayo bado hujaishika. (Angalia mkataba: posho ya chumba na chakula haihesabiwi.) Dada zetu wa majumbani mna sheria yenu tofauti, msitumie hesabu hii.

Tuje nyumbani, maana huko ndiko pesa zetu zinakoyeyuka. Umetuma dirhamu 6,000, kaka yako amefungua duka. Anakutumia picha WhatsApp, rafu zimejaa mpaka juu, roho inatulia. Lakini picha haionyeshi nusu ya ule mchele na mafuta vimechukuliwa kwa mkopo kwa muuzaji wa jumla. Haionyeshi daftari la majirani waliokopa, na wale waliohama mtaa. Deni la aliyehama lifute tu, usilihesabu.

Au umenunua bodaboda. Kadi imeandikwa jina la nani? Kama ni la shemeji, basi kwa karatasi ni mali ya shemeji, hata kama jasho ni lako. Na hata ikiwa yako, usiendelee kuihesabu kwa bei ya dukani. Ukikadiria itafanya kazi miaka 4, kila mwaka punguza robo ya bei. Wahasibu wanaita uchakavu. Faida anayokutumia dereva bila kutoa uchakavu ni pikipiki yenyewe unayoila kidogo kidogo.

Ijumaa hii ukipiga simu, usiulize "biashara inaendeleaje?" Utaambiwa inaendelea vizuri. Uliza pesa taslimu ni ngapi leo, bidhaa za thamani gani, nani tunamdai na tangu lini, nani anatudai. Andika majibu na tarehe, halafu mwezi ujao uliza tena yale yale.