Rungwe imelala, lakini inapumua

Mwulize mtu wa Rujewa, wilayani Mbarali, volkano kubwa anayoijua, atakutajia Kilimanjaro. Hakosei. Kwa mita 5,895 hakuna iliyo ndefu kuliko hiyo Afrika, na katika kasoko ya Kibo bado hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti. Ila Kilimanjaro iko mbali. Volkano zinazomhusu mkulima wa mpunga wa Mbarali ziko takriban kilomita 90 kusini magharibi mwa Rujewa, na hakuna hata moja inayofika mita 3,000: Rungwe, Ngozi na Kyejo.

Ukubwa wa mlima hudanganya. Mauna Loa ya Hawaii, ambayo kwa ujazo inazishinda volkano zote hai za nchi kavu, ililipuka Novemba 2022 baada ya kutulia miaka 38, na haikuua mtu. Tambora ya Indonesia ni kijilima mbele yake. Ilipolipuka mwaka 1815 kilele chake kilipungua kwa zaidi ya mita 1,000, na makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi kwa njaa na maradhi yaliyofuata majivu.

Aliyewahi kusonga ugali anaijua sababu. Uji mwepesi ukichemka hutoa mapovu taratibu. Ugali unaokaribia kukaza hubana mvuke ndani, kisha hukurushia donge la moto mkononi. Mawe yaliyoyeyuka chini ya Hawaii ni uji mwepesi. Yale yaliyowahi kulipuka Rungwe na Ngozi yalikuwa mazito, na gesi ilinaswa ndani yake hadi ikapasua njia. Wanajiolojia wanakadiria kwamba miaka 4,000 hivi iliyopita Rungwe ilirusha majivu zaidi ya kilomita 30 angani. Mawe povu ya siku ile, mepesi kiasi cha kuelea majini, yamebaki kama tabaka ardhini, na majivu yake yamekutwa kwenye tope la chini ya Ziwa Nyasa. Ngozi ilibaki na shimo kubwa mlimani, ambalo leo ni ziwa lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Kyejo ndiyo iliyoamka karibuni zaidi: uji wa moto ulitiririka ubavuni mwake kama mwaka 1800, na wazee wakalisimulia tukio hilo kwa vizazi.

Mlipuko kama ule wa Rungwe ukitokea leo, Rujewa haitafikiwa na uji wa moto. Majivu ni suala jingine, na hapo upepo ndio utakaoamua. Majivu ya volkano hayafanani na ya jikoni, kwani ni vumbi la mawe na vioo vilivyosagika. Huwasha macho, hukwaruza koo, na mwenye pumu huumia kwanza. Yakilowa mvua huwa mazito hata kubomoa paa. Dawa yake ni kukaa ndani, kufunga madirisha, kuziba pua kwa barakoa au kitambaa na kufunika maji ya kunywa.

Hatari ya leo, bila mlipuko wowote, ni hewa ukaa. Katika eneo la Rungwe gesi hii hutoka ardhini kwa wingi kiasi kwamba huvunwa kibiashara, na ndiyo inayotia mapovu kwenye soda. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kama mara moja na nusu. Kwa hiyo hutambaa na kujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo, ikaisukuma juu hewa tunayoivuta. Katika mji wa Goma nchini Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo, mikusanyiko ya gesi hii huitwa mazuku. Agosti 1986 gesi hiyo ilitoka ghafla katika Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua zaidi ya watu 1,700 kwa usiku mmoja, wengi wakiwa usingizini.

Mtu akivuta hewa yenye sehemu kubwa ya gesi hiyo, kichwa huuma, pumzi hukimbia, kisha huzimia ndani ya dakika chache. Mtoto na mbwa huanguka kabla ya mtu mzima kwa kuwa pua zao ziko karibu na ardhi. Wengine hufa kwa huruma: anamwona mwenzake ameanguka shimoni, anashuka kumtoa, naye halali mbali naye.

Basi ukienda kuwatembelea ndugu Tukuyu au kushuka kuona Ziwa Ngozi, fuata njia inayotumiwa na wenyeji. Ukikuta bondeni ndege, panya au wadudu wamekufa bila jeraha, usishuke na usiwashe moto kujaribu. Geuka, panda palipo juu penye upepo, uwazuie watoto, kisha umpe taarifa mwenyekiti wa kijiji.