HELIKOPTA YA RIMOTI INAPOZUNGUKA OVYO: Jua Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa



Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui viko vikundi vya vijana vinavyojitafutia riziki kwa kutengeneza redio, simu na taa za sola. Siku hizi mezani pao huletwa pia kazi nyingine: helikopta ndogo za rimoti. Nyingine ni zawadi ya mtoto, nyingine imeachwa na mgeni wa hotelini, nyingine imenunuliwa Mombasa ikiwa tayari imetumika. Lalamiko la wenyewe huwa ni moja: ikiinuka tu, inazunguka kama pia mpaka inaanguka.

Mtu anaweza kusema, huu ni mchezo wa watoto, utatufaa nini? Sisi tunasema fedha ya mteja ni fedha, iwe ya redio au ya mdoli. Fundi akikisia akanunua mota mpya, kumbe taabu ilikuwa ni unywele uliojisokota kwenye ekseli, hasara inaingia mfuko wa kikundi. Akimtwika mteja hasara hiyo, jina la kikundi linaharibika, na jina likiharibika haliuzwi dukani ukanunua jingine. Kwa hiyo tueleze namna ya kutafuta chanzo kwa mpango, tukianza na yale yasiyogharimu hata shilingi.

KWA NINI HELIKOPTA HUTAKA KUZUNGUKA?

Fundi seremala anajua. Ukitoboa mbao kwa drili ya umeme, ncha ikikwama, drili yenyewe hutaka kukugeuza mkono upande wa pili. Isaac Newton aliliandika jambo hili mwaka 1687: kila msukumo una msukumo mwingine ulio sawa nao, unaorudi upande wa kinyume.

Helikopta ni hivyo hivyo. Mapanga ya juu yakizunguka kwenda kulia, mwili wa helikopta husukumwa kwenda kushoto. Kwa hiyo kuzunguka si ajabu. Ajabu ni kutulia! Ikitulia, ujue kuna kitu kinachouzuia mwili usizunguke. Ikizunguka, kazi yako ni kukitafuta kitu hicho na kujua kwa nini hakifanyi kazi yake.

Igor Sikorsky, mhandisi mzaliwa wa Kiev aliyehamia Marekani, aliinua helikopta yake iitwayo VS-300 kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 1939, ikiwa imefungwa kwa kamba isikimbie. Yeye aliweka pangaboi dogo mkiani, lililosimama wima, la kusukuma hewa kando. Helikopta nyingi kubwa tunazoziona zikipita juu ya pwani yetu bado zinafuata njia hiyo.

HATUA YA KWANZA: IJUE AINA YAKE

Usishike bisibisi kwanza. Iangalie helikopta, ujue iko katika kundi gani.

Aina A: ina mapanga ya juu ya safu moja tu, na mkiani kuna pangaboi dogo lililosimama wima. Hapa mkia ndio mlinzi.

Aina B: ina mapanga ya juu ya safu mbili, moja juu ya nyingine, na safu hizo huzunguka kinyume. Hizi ndizo nyingi katika midoli ya bei nafuu. Safu moja inaizuia nyingine. Pangaboi la mkiani, kama lipo, mara nyingi limelala kifudifudi, na kazi yake ni kuipeleka helikopta mbele na nyuma. Kwa hiyo ukinunua mota ya mkia kwa helikopta ya namna hii ili isizunguke, umetupa fedha baharini.

Aina C: ni droni ya mapanga manne, kama zile zinazopiga picha harusini. Mapanga mawili yanayotazamana pembe kwa pembe huzunguka upande mmoja, na mawili mengine kinyume chake.

HATUA YA PILI: INAZUNGUKA KWENDA WAPI?

Hapa ndipo penye siri yote. Iweke chini mahali palipofagiwa, watoto wakae mbali hatua tano au zaidi. Washa, uongeze nguvu kidogo kidogo, mpaka iwe nyepesi miguuni lakini haijaruka. Tazama mapanga yanaanza kuzunguka kwenda wapi, kisha tazama mwili unageukia wapi. Andika yote mawili.

Kwa Aina A:
- Mwili ukizunguka kinyume cha mapanga ya juu, mkia hauna nguvu ya kutosha au unasukuma upande usiofaa.
- Mwili ukizunguka upande ule ule wa mapanga, mkia una nguvu kupita kiasi. Hapo mota ya mkia ni nzima! Usiibadilishe. Angalia marekebisho ya rimoti na jairo, ambayo tutayaeleza hapa chini.

Kwa Aina B: mwili hufuata upande wa safu iliyo dhaifu. Mfano, ikiwa mwili unageuka kwenda kushoto, na safu ya chini ndiyo inayozunguka kwenda kushoto, basi safu ya chini ndiyo mgonjwa. Ukague mota yake, giya zake na mapanga yake. Ile safu nyingine iache kwanza.

HATUA YA TATU: ANZA NA YASIYO NA GHARAMA

1. Uwashaji. Ndani ya helikopta nyingi mna kihisi kidogo cha mzunguko, ambacho mafundi hukiita jairo. Kazi yake ni kuhisi mwili unapoanza kugeuka na kuurekebisha mara moja. Jairo hujipima pale unapowasha betri. Ukiwasha huku umeishika mkononi inatikisika, jairo huanza na kipimo cha uongo. Iwashe ikiwa imetulia juu ya sakafu iliyo sawa, usiiguse mpaka taa yake iache kumetameta. Mara nyingine ugonjwa wote unaishia hapo.

2. Rimoti. Kando ya vijiti kuna vibonye vidogo vya kurekebisha. Mtoto akivichezea, helikopta huamriwa kugeuka muda wote. Virudishe katikati, kisha ujaribu tena.

3. Betri. Betri ikichoka, mkia wa Aina A unaweza kushindwa ingawa mapanga ya juu bado yanazunguka. Pima kwa mita. Betri za lithiamu zikijaa husoma karibu volti 4.2 kwa kila seli, na zisiachwe kushuka chini ya volti 3. Chaji ijae ndipo upime ugonjwa mwingine.

4. Upepo. Wakati wa kusi, mchana upepo hauna huruma, na kidude chepesi hakiwezi kushindana nao. Jaribu ndani ya ukumbi, au alfajiri kabla upepo haujaamka.

HATUA YA NNE: KAGUA KWA MACHO NA VIDOLE

Toa betri kwanza. Hili ni sharti.

Zungusha kila panga kwa kidole. Linakwenda laini au linakwaruza? Pwani yetu ina maadui wawili, mchanga na chumvi. Mchanga huingia kwenye giya, na chumvi ya hewani hula shaba ya waya na viungo. Safisha kwa mswaki mkuukuu na spiriti, uache pakauke. Toa nywele, nyuzi na majani makavu yaliyojisokota kwenye ekseli.

Hesabu meno ya giya. Jino moja likikatika, giya hupiga kelele ya kukatakata na nguvu hupotea. Ekseli ikipinda utaiona: itoe, uiviringishe juu ya kioo. Ikirukaruka, imepinda.

Mapanga yaliyokatika au kupinda hayasukumi hewa kama yalivyokusudiwa. Usiyagundishe kwa gundi kisha ukairudisha hewani, kwa maana kipande kikichomoka kinaweza kumtoa mtu jicho. Badilisha.

Pangaboi la mkiani laweza kuwa limerudishwa kinyumenyume baada ya kusafishwa. Kwenye helikopta kubwa kidogo, mkia huendeshwa kwa mkanda. Mkanda ukilegea huteleza. Ukipindishwa vibaya wakati wa kuufunga, pangaboi huzunguka kinyume, na badala ya kuuzuia mwili, linausaidia kuzunguka! Vivyo hivyo waya mbili za mota ya mkia zikibadilishana wakati wa kulehemu.

HATUA YA TANO: PIMA MOTA NA JAIRO

Mota ndogo zina brashi ndani, na brashi huchakaa. Tenganisha mota, uipe umeme wa betri moja ya tochi ya volti 1.5. Mota nzima huanza mara moja. Isimamishe na kuianzisha mara kadhaa. Ikiwa kuna mahali inagoma mpaka uisukume kwa kidole, hiyo imekwisha. Sasa ndipo unaweza kununua mota.

Jairo la Aina A lipime hivi. Ondoa mapanga ya juu, rudisha betri, ongeza nguvu kidogo, shika mwili imara. Geuza pua taratibu kuelekea upande ambao helikopta ilikuwa ikikimbilia kinyume cha mapanga. Mota ya mkia iongeze kasi. Geuza upande wa pili, ipunguze. Ikifanya kinyume cha hayo, jairo linachochea kuzunguka badala ya kuzuia. Angalia kama limefungwa juu chini, au kama lina swichi ndogo ya kubadili upande.

Kwa droni ya Aina C, anza na mapanga yenyewe. Hayafanani, mara nyingi yameandikwa herufi kama A na B. Mawili yenye alama moja yakae pembe kwa pembe. Yakichanganywa, droni hupinduka au huzunguka hata kama mota zote ni nzima.

TAHADHARI

Betri ya lithiamu iliyovimba kama mandazi isichajiwe tena, isitobolewe, wala isitupwe motoni. Huwaka moto mkali. Hata iliyo nzima ichajiwe kwa chaja yake, juu ya kigae au sinia la mchanga, mtu akiwa karibu. Isiwekwe kitandani wala chini ya makuti.

Droni si mdoli. Kwa kanuni za mwaka 2020, droni husajiliwa na kuidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, yaani KCAA. Mteja akileta droni, mwulize hati zake kabla hamjairusha kuijaribu. Tena uwanja wa ndege wa Malindi uko kando tu ya mji. Msijaribu chombo chochote kinachoruka karibu nao.

KAZI YA KIKUNDI

Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha mjaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kilichoponya, na kesho ukiletewa nyingine utaanza upya. Wekeni daftari: aina ya helikopta, ilizunguka kwenda wapi, kilichoonekana, kilichofanywa. Baada ya muda daftari hilo litakuwa mwalimu wa wanagenzi wenu.

Na mteja aambiwe ukweli. Kama ni kuwasha vibaya tu, mfundishe, mtoze ada ya kukagua mliyokubaliana mapema, asitozwe mota ambayo hamkuifunga. Kama spea haipatikani, mrudishie kitu chake mkiwa mmemweleza sababu. Atakuja tena na redio, na jirani yake atakuja na simu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni mara ngapi tumenunua spea kabla ya kujua chanzo? Ilitugharimu kiasi gani?
2. Je, tuna ada ya kukagua inayojulikana, na mteja huambiwa kabla ya kazi?
3. Betri zilizokwisha tunaziweka wapi? Watoto wanazifikia?
4. Ni vifaa gani vingine tunavyotengeneza ambavyo vingehitaji daftari kama hili?