CRP Imeshuka: Je, Ni Chakula?

Ndugu anayesubiri nje ya chumba cha wagonjwa mahututi huwa na maswali mawili: amefumbua macho? Amekula? La pili muuguzi hulijibu kwa kuonyesha mfuko wa maji mazito ya rangi ya maziwa uliotundikwa kando ya kitanda, na mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Anakula, ndiyo. Chupa ya supu aliyokuja nayo shangazi mtu hurudi nyumbani ikiwa imejaa.

Kuna swali la tatu, na hilo huwasumbua madaktari wenyewe: chakula hicho kinafanya nini ndani ya mwili unaowaka? Tuseme mgonjwa ana nimonia kali. Siku ya kwanza kipimo chake cha damu cha CRP, kinachoonyesha ukali wa kuwaka huko, kilisoma 240, siku ya nne kinasoma 130. Chakula kilianza kupita kwenye mpira siku ya pili. Inavutia kuyafunga mambo hayo mawili pamoja. Lakini siku ya kwanza alianzishiwa pia antibayotiki, nayo ndiyo yenye haki ya kutangulia kudai sifa.

Huko kuwaka wataalamu hukuita inflamesheni. Kidole kilichochomwa na mwiba huvimba, huwa chekundu, hupata moto na kuuma. Hiyo ni inflamesheni ndogo, nayo ina faida, maana ndivyo kinga inavyofika mahali pa tatizo. Kwa mgonjwa mahututi jambo hilohilo huenea mwili mzima. Seli za kinga hupashana habari kwa kemikali, mojawapo ikiitwa interlukini-6. Kemikali hiyo ikifika kwenye ini, ini hubadili ratiba ya kazi: hupunguza utengenezaji wa albumini, protini yake ya kila siku, na kuanza kumimina CRP.

CRP iligunduliwa mwaka 1930 mjini New York na William Tillett na Thomas Francis, katika damu ya watu waliougua nimonia. Kwa mtu mwenye afya huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Kwa mgonjwa mahututi huweza kufika mia kadhaa. Nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban saa 19, kwa hiyo chanzo cha moto kikizimwa leo, kesho namba huanza kuteremka. Ni kipimo cha haraka, na maabara nyingi hukiweza. Ndiyo maana kinapendwa, na ndiyo maana hubebeshwa mzigo usio wake.

Kwamba chakula na ugonjwa mkali havisikilizani kirahisi, hilo si jipya. Katika miaka ya 1930 David Cuthbertson, mjini Glasgow, alikuwa akipima mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu. Aliona wanapoteza naitrojeni nyingi kupita ile ambayo mfupa mmoja uliovunjika ungeweza kuieleza. Ilikuwa inatoka kwenye misuli ya mwili mzima. Mwili ulikuwa ukijila, na hata kuwalisha vizuri hakukuweza kuuzuia kabisa. Mwenye njaa ya kawaida akipewa chakula huacha kujila. Mwenye inflamesheni kali huendelea.

Hapa ndipo penye kosa moja la miaka mingi. Albumini ya mgonjwa ikishuka, wengi wamezoea kusema amekosa protini, na si ajabu ndugu kuambiwa walete mayai. Mayai hayana ubaya wowote, ila albumini hiyo haikushuka kwa kukosa mayai. Imeshuka kwa sababu ini limebadilishiwa kazi, na mishipa midogo ya damu imelegea ikaivujisha nje. Isitoshe, albumini huchukua takriban siku 20 kupungua nusu, kwa hiyo haiwezi kueleza lishe ya juzi. Chama cha wataalamu wa lishe ya hospitali cha Marekani, ASPEN, kilitoa msimamo wazi: albumini na prealbumini ni dalili za inflamesheni, zisitumike kupima hali ya lishe.

Sasa turudi kwa CRP, maana kisa chake kinachekesha kidogo. Mwaka 2011 timu ya Leuven, Ubelgiji, ilichapisha utafiti wa wagonjwa 4,640 uitwao EPaNIC. Pale ambapo chakula cha tumboni hakikutosha, kundi moja liliongezewa lishe ya mshipani ndani ya saa 48, la pili likasubirishwa hadi siku ya nane. Wengi wangetabiri kwamba waliowahi kushibishwa wangefanya vizuri. Ikawa kinyume. Maambukizi mapya yaliwapata asilimia 26.2 ya waliowahishwa, dhidi ya asilimia 22.8 ya waliosubirishwa, na waliosubirishwa walitoka chumba cha mahututi mapema zaidi wakiwa hai. Lakini kilele cha CRP? Kwa waliosubirishwa kilikuwa takriban 190, kwa waliowahishwa takriban 160.

Yaani daktari ambaye angehukumu lishe kwa CRP peke yake angelitangaza kundi lililofanya vibaya kuwa mshindi. Maelezo ambayo watafiti wa Leuven wameyafuatilia ni kwamba seli za mgonjwa huwa na kazi ya kusafisha taka zake za ndani, na chakula kingi kinapomiminwa siku za mwanzo kazi hiyo huzorota. Iwe hivyo au la, namba ndogo ya CRP haikuwa sawasawa na afya.

Haikuishia hapo. Wapo waliotaka kuifanya lishe yenyewe iwe dawa ya inflamesheni. Mwaka huohuo, nchini Marekani, wagonjwa 272 wenye majeraha ya mapafu waliingizwa katika utafiti wa OMEGA, baadhi wakipewa mafuta ya omega-3 pamoja na vitamini mara mbili kwa siku. Omega-3 kwenye damu yao ilipanda mara nane. Mafuta yalifika, hilo halina ubishi. Ila waliopewa walipata siku pungufu za kupumua bila mashine kuliko wasiopewa, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya glutamini, asidi amino iliyosifiwa sana kwa kinga, katika utafiti wa wagonjwa 1,223 ambao viungo vyao kadhaa vilikuwa vimeshindwa kufanya kazi. Katika siku 28 walifariki asilimia 32.4 ya waliopewa glutamini, na asilimia 27.2 ya wasiopewa. Makopo yanayouzwa kwa ahadi ya kutuliza inflamesheni yanafaa kusomwa na takwimu hizo pembeni.

Je, CRP itupwe? La. Ina kazi nyingine, na huenda ni bora zaidi: kuonyesha kama mwili uko tayari kunufaika na chakula. Nchini Uswisi, wagonjwa waliolazwa kwenye wodi za kawaida wakiwa katika hatari ya utapiamlo walipangiwa lishe ya mtu mmoja mmoja, na vifo vilipungua. Watafiti walipowagawa kwa CRP ya siku ya kulazwa, faida hiyo haikuonekana kwa waliokuwa juu ya 100. Hao hawakuwa mahututi, lakini somo linaelekea kitandani kwa mahututi pia: moto ukiwa mkali, chakula hupokelewa vibaya.

Kwa hiyo ufuatiliaji wa maana huanza na karatasi ya muuguzi kabla ya maabara: kati ya kilokalori alizoandikiwa jana, ngapi ziliingia kweli? Mara nyingi mpira husimamishwa kwa ajili ya picha au upasuaji, na hakuna anayefidia. Kisha CRP isomwe kwa mwenendo wa siku kadhaa. Isomwe pia kwa tahadhari: mgonjwa aliyepewa tosilizumabu, dawa inayoziba njia ya interlukini-6, CRP yake huanguka hata kama maambukizi yapo palepale, na ini lililoharibika vibaya halina nguvu ya kuitengeneza. Sukari itazamwe. Urea inayopanda huku kreatinini ikishuka ni ishara kwamba misuli inaliwa. Uzito haufai sana, kwa kuwa maji ya dripu humnenepesha mtu anayekonda. Ultrasaundi ya paja husema ukweli zaidi: mjini London, wagonjwa 63 waliopimwa hivyo walikuwa wamepoteza kwa wastani asilimia 17.7 ya ukubwa wa msuli wa paja kufikia siku ya kumi.

Wauguzi wa wodi za watoto wa Kenya na Tanzania wataitambua hekima hii bila kusoma jarida lolote. Mtoto mwenye utapiamlo mkali haanzi na chakula kizito. Huanza na maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100 na protini kidogo, bila nyongeza ya madini ya chuma. Hamu ya kula ikirudi, ndipo hupandishwa hadi F-100 au chakula dawa. Hamu hiyo ni kipimo. Interlukini na wenzake ndio huiua, na wakitulia hurudi. Mtoto anapoanza kulilia kikombe, wodi imepata jibu ambalo halikupita maabara.

Mgonjwa mzima aliyelazwa usingizi wa dawa hawezi kulia wala kudai. Hatari yake kubwa siku za mwanzo, kama alikuwa amekaa na njaa, ni fosfeti ya damu kuporomoka ghafla mara chakula kinapoanza, kiasi cha moyo na misuli ya kupumua kudhoofika. Timu ikijua mapema, hupima fosfeti kila siku na kupandisha chakula taratibu. Kwa hiyo shangazi mwenye chupa ya supu ana jambo la kumwambia daktari, na alitaje bila kungoja kuulizwa: mgonjwa alikuwa na uzito gani mwezi uliopita, na ni siku ngapi hakuwa akila vizuri kabla ya kuletwa.