Kimbunga Katrina: sababu, madhara na somo kwa wajenzi wa amani



Maafa ya asili hayachagui kabila wala chama. Lakini nani ataokoka na nani ataachwa, hilo hutegemea haki na kuaminiana. Ndiyo maana tunaeleza hapa kisa cha Katrina, kimbunga kilichoipiga Marekani mwaka 2005.

Sababu

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto. Mvuke hupanda, hugeuka mawingu, na joto linalotoka humo huupa upepo nguvu. Mzunguko wa dunia ndio unaoupindisha upepo huo hadi uzunguke. Karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo mno. Kwa hiyo sisi wa Kongo hatuvioni vimbunga vya namna hii.

Katrina ilianzia karibu na visiwa vya Bahamas tarehe 23 Agosti, ikapata nguvu nyingi katika Ghuba ya Meksiko, na tarehe 29 ikaingia jimbo la Louisiana kwa upepo wa kilomita 200 hivi kwa saa. Hata hivyo, si upepo uliouzamisha mji wa New Orleans. Karibu nusu ya mji iko chini ya usawa wa bahari, nayo hulindwa na kuta na matuta. Kinga hizo zilivunjika mahali zaidi ya 50, na uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya kuta zilijengwa kwa michoro yenye kasoro.

Madhara

Asilimia 80 ya mji ilifunikwa na maji. Hesabu iliyosahihishwa mwaka 2023 inataja vifo 1,392. Amri ya kuhama ilitolewa siku moja tu kabla. Mwenye gari aliondoka. Maskini, wazee na wagonjwa, wengi wao Wamarekani weusi, walibaki.

Kisha ukaja uvumi. Ilisemekana kwamba watu waliokimbilia uwanja wa Superdome wanauana. Baadaye ilionekana kwamba mengi ya hayo hayakuwa kweli, lakini madhara yalikwisha kutokea. Tarehe 31 Agosti meya aliamuru polisi waache kuokoa watu, wapambane na waporaji. Tarehe 4 Septemba, kwenye daraja la Danziger, polisi waliwapiga risasi raia wasio na silaha, wakaua wawili na kujeruhi wanne.

Majibu

Walinzi wa pwani waliokoa watu zaidi ya 33,000. Majirani walitoa mashua zao, na majimbo mengine, hasa Texas, yakapokea waliohama. Haki ilichelewa: askari wa Danziger walikiri makosa mahakamani mwaka 2016. Kinga za mji zilijengwa upya kwa dola zaidi ya bilioni 14, nazo zilistahimili kimbunga Ida tarehe 29 Agosti 2021.

Somo kwetu

Mwezi Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, mamia ya maelfu ya watu walihama Goma kwa siku chache. Kwa hiyo tunaziomba kamati za mitaa zifanye mambo matatu mapema: kuwajua wasioweza kukimbia peke yao, kuchagua watu wanaoaminiwa na pande zote wa kuthibitisha habari, na kupatana na vijiji vitakavyopokea wageni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.